Kuwasha na kuwaka

Saa nane usiku simu iliita, na jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la shangazi. Nilikuwa Dodoma, katika nyumba ya wageni, na kwa umri niliofikia simu ya saa kama hiyo kwa kawaida huleta habari moja tu. Nilipoipokea nilikuwa nimeshakaa kitako kitandani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Uko macho?"

"Sasa niko macho. Kuna nini?"

"Umeme ulikatika tangu saa tatu, umerudi sasa hivi. Umerudi, na kompyuta yako imejiwasha. Nimesimama mlangoni naitazama. Feni inazunguka, taa inawaka, mtu hakuna. Ni wewe?"

Nilimwambia kwamba si mimi.

"Basi kama si wewe, nichomoe?"

Nilimsihi asichomoe, kwa kuwa niliogopea diski. Hakuchomoa, ila alifunga mlango wa chumba kile kwa ufunguo na kukaa sebuleni mpaka adhana ya alfajiri. Niliporudi nyumbani Tabata, Dar es Salaam, wiki iliyofuata nilikuta kipande cha karatasi kimebandikwa kwenye boksi la kompyuta, kimeandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka za mwalimu mstaafu: USIGUSE. INAJIWASHA.

Ilinichukua wiki tano kuelewa kilichotokea usiku ule, na sehemu kubwa ya wiki hizo niliitumia kumtuhumu asiyehusika.

Kidole cha shangazi

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Kompyuta yenye nguvu ya kufanya kazi hiyo iko Tabata, lakini nusu ya mwezi mimi niko Dodoma na kilaptopu ambacho hakiwezi kufungua hata jengo la ghorofa mbili bila kuhema. Kwa hiyo huingia kwenye kompyuta ya nyumbani kupitia mtandao na kuitumia kana kwamba niko mbele yake. Sharti ni moja tu: iwe imewaka.

Kuiacha ikiwaka siku zote lilikuwa jambo la kwanza nililojaribu. Nilipoipima ikiwa haifanyi kazi yoyote ilikuwa inakula wati 70, na wati 70 kwa saa 24 ni karibu uniti 50 kwa mwezi. Anayenunua LUKU pale nyumbani ni shangazi, na hakuhitaji kipimo changu ili ajue kuna kitu kinakula umeme usiku.

Tukakubaliana awe ananiwashia yeye. Kwa miezi saba, swichi ya mbali ya kompyuta yangu ilikuwa shangazi.

Nikiri kwamba ilikuwa swichi nzuri. Nilikuwa namwambia "naomba uniwashie", naye ananijibu mambo ambayo sikuyauliza: kwamba imewaka lakini inakohoa kabla ya kutulia, au kwamba kuna sisimizi wameingia kwa nyuma. Siku moja alinijibu, kwa sauti ya mtu aliyesumbuliwa bure, "Mbona imeshawaka?" Jibu hilo nililipuuza kabisa wakati ule. Baadaye nililirudia kichwani mara nyingi.

Lakini magoti yake hayapendi ngazi, nami huwa nakumbuka kazi saa tano usiku. Nikaona aibu.

Njia mbili zilizokataa

Wanaoijua kazi hii wameshaanza kuniuliza kuhusu Wake-on-LAN. Nilianzia hapo. Ni utaratibu wa kistaarabu sana: unatuma pakiti ndogo ya baiti 102, ambayo inaanza na baiti 6 za FF na kufuatiwa na anwani ya kadi ya mtandao ikirudiwa mara 16, na kadi hiyo, ambayo hailali kabisa hata kompyuta ikizimwa, ikiliona jina lake mara 16 inaiamsha mashine. Nikiwa sebuleni ilifanya kazi kila mara. Nikiwa Dodoma ilikataa, kwa sababu ruta yetu inatumia laini ya simu, na laini hiyo inashirikiana anwani moja ya intaneti na wateja wengine wengi, hivyo hakuna njia ya mtu wa nje kubisha hodi kwenye mlango wetu peke yake.

Hilo lingeweza kuzungukwa. Kilichonikatisha tamaa ni kwamba umeme ukikatika na kurudi, kadi yangu ilikuwa inasahau kwamba iliagizwa isikilize, mpaka kompyuta iwashwe kwanza kwa mkono. Mlinzi ambaye hupotea usiku wa wizi tu hafai kulipwa.

Soketi ya waifai niliikataa bila kuijaribu. Inakata umeme wa ukutani, na kumkatia umeme mtu anayeandika kwenye diski ni ukatili.

Pini mbili

Kitu ambacho watu wengi hawakijui kuhusu kitufe cha kuwashia kompyuta ya mezani ni kwamba hakikati wala hakiunganishi umeme wa aina yoyote wa maana. Ukifungua ubavu wa boksi na kuufuata waya mwembamba unaotoka kwenye kitufe, utauona unaishia kwenye pini mbili tu, pembeni mwa mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, katikati ya pini nyingine ndogondogo za taa na spika. Pini moja ni grandi, yaani upande wa volti sifuri, na nyingine ina volti chache. Kwangu mita ilisoma 3.3. Kubonyeza ni kuzigusanisha pini hizo kwa muda mfupi kisha kuziachia, na mazabodi ndiyo inayoamua maana ya mguso huo. Unaweza kuwasha kompyuta kwa ncha ya bisibisi. Mafundi wa Kariakoo hufanya hivyo mchana kutwa.

Kwa hiyo nilichohitaji kilikuwa bisibisi moja yenye intaneti.

Nilinunua ESP8266, ile ndogo ya pini nane, pamoja na rilei ya bluu inayouzwa nayo, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme. ESP8266 ni kompyuta ya chipu moja iliyotengenezwa na Espressif ya Shanghai, na ndiyo iliyofanya waifai iwe kitu cha kununua kwa hela ya chakula cha mchana. Niliipa umeme kutoka kwenye tundu la USB la nyuma ya kompyuta yenyewe, kwa kuwa pawa saplai za siku hizi huendelea kutoa volti 5 za akiba hata mashine ikiwa imezima, ili mradi mpangilio wa kubana umeme uwe umezimwa kwenye BIOS, programu ya msingi ya mazabodi.

Tatizo la kubisha hodi kutoka nje nalo nililimaliza kwa kugeuza upande wa mlango. Chombo chenyewe ndicho kinachotoka kwenda kwenye seva, yaani kompyuta ya kati iliyo kwenye intaneti, kinakaa pale kikisubiri ujumbe, nami nautuma ujumbe kwenye seva hiyo kutoka kwenye simu. Lugha yao inaitwa MQTT, na ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta yaliyo nyikani kupitia setilaiti, mahali ambapo mtandao ni ghali na unakatika ovyo. Nilipolisoma hilo nilijisemea kwamba kitu hiki kimetengenezwa kwa ajili ya Tabata.

Jioni moja ilitosha. Nilituma neno "bonyeza" kutoka barazani, rilei ikalia *ta!*, kompyuta ikawaka. Shangazi aliniuliza kama sasa anaweza kulala mapema. Nikamwambia anaweza.

Mshitakiwa wa kwanza

Baada ya simu ile ya saa nane, nilikuwa na hakika ya mhalifu kabla sijafika Dar es Salaam.

Rilei yangu ilikuwa imefungwa kwenye pini iitwayo GPIO0, na pini hiyo ina kazi mbili. Wakati ESP8266 inaamka, huichungulia kwanza: ikiikuta juu, yaani ina volti, inaendelea na programu yake, ikiikuta chini inasubiri kuandikiwa programu mpya. Katika sekunde hiyo ya kuamka haijulikani vizuri nani anaishika, na rilei za bei rahisi zinazofanya kazi pini ikiwa chini huweza kulia zenyewe. Umeme umerudi, chipu imeamka, rilei imelia, kompyuta imewaka. Maelezo yalikuwa mazuri mno, na uzuri wa maelezo ndio ulionipoteza.

Nilibomoa kila kitu. Niliweka bodi kubwa kidogo yenye pini tulivu, nikachagua GPIO5, na badala ya rilei nikaweka optokapla ya PC817, ambayo ni kijidude cha miguu minne chenye taa ndani yake upande mmoja na jicho upande wa pili, hivyo chombo changu na mazabodi havigusani kwa umeme, vinaonana tu. Rizista ya omu 330 ya kupunguza umeme upande wa taa, miliampea kama 6, basi. Mara ya kwanza nililehemu upande wa jicho kinyume na haikufanya chochote, kwa sababu optokapla ina mbele na nyuma, tofauti na rilei. Nilipoigeuza ilibonyeza bila hata mlio.

Nilichomoa na kuchomeka waya wa ukutani mara kumi, ruta ikiwa imezimwa ili isinichanganye. Mara zote kumi kompyuta ilitulia. Nikabandua karatasi ya shangazi.

Siku tisa baadaye alinipigia tena. Safari hii ilikuwa saa kumi jioni, na salamu aliifupisha.

"Naomba unirudishie karatasi yangu."

Kisanduku

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo nililoliona kuwa halihusiani.

Katika mwezi huohuo kompyuta ilikuwa imeninyima kazi mara mbili mchana. Niko Dodoma, nachora, kioo kinaganda, kisha muunganisho unakatika. Nikiiwasha tena nakuta imefungwa kwa utaratibu, kama mtu aliyeaga. Nililaumu joto, kisha nikalaumu pawa saplai, na kweli nilinunua nyingine kwa shilingi 85,000. Ile ya zamani bado iko kabatini, nzima, ikinitazama.

Nilipofungua simu usiku baada ya malalamiko ya pili ya shangazi, nia yangu ilikuwa kutazama tu kama seva inapatikana. Niliweka programu nyingine ya MQTT, mpya kabisa, nikaiunganisha na mkondo uleule wa ujumbe ambao chombo changu husikiliza. Kabla sijagusa kitu, neno lilishuka kwenye kioo.

*bonyeza*

Sikuwa nimelituma. Nilitoka, nikaingia tena. Likashuka tena.

Katika MQTT mtumaji anaweza kuiomba seva iuhifadhi ujumbe wake wa mwisho na kumpa kila mtu atakayejiunga baadaye. Ni jambo la manufaa sana kwa vipimo: anayejiunga sasa anapewa joto la mwisho lililosomwa bila kusubiri. Katika programu yangu ya kwanza ya simu kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuomba hivyo, nami nilikuwa nimekitia alama siku ya kwanza kwa kudhani kwamba maana yake ni kuniwekea maandishi yangu nisiyaandike upya.

Kwa hiyo kila mara chombo kilipopoteza mtandao na kuurudia, kilikabidhiwa amri yangu ya wiki zilizopita kana kwamba nimeitoa sasa hivi. Umeme ukirudi usiku na kompyuta imezima, inawaka. Ruta ikipepesuka mchana na kompyuta inafanya kazi, kidole kilekile kinabonyeza kitufe kilekile, na Windows, kwa adabu zake zote, inafunga kazi na kuzima. Majaribio yangu kumi ya kuchomoa waya hayakuonyesha lolote kwa sababu nilikuwa nimeizima ruta kwa mikono yangu.

Kuufuta ni kutuma ujumbe mtupu ukiwa na alama ileile. Ilichukua sekunde mbili.

Sikumpigia shangazi usiku ule. Sikuwa tayari kusikia atakachosema kuhusu pawa saplai.

Angalau mara moja

Ningeweza kuishia hapo, na kwa wiki moja niliishia hapo. Kisha nikapanda treni ya SGR asubuhi kwenda Dodoma, nikatuma "bonyeza" tulipokuwa tunakaribia milima ya Kilosa ili nikute mashine iko tayari, na treni ikaingia handakini.

Shangazi alikuwa anafagia chumba kile. Maneno yake ninayaandika kama alivyoyasema: "Imewaka, ikafikiri kidogo, ikazima."

Nilikuwa nimechagua daraja la utumaji ambalo linaahidi kwamba ujumbe utafika angalau mara moja. Simu yangu iliutuma, risiti ya seva ikapotelea handakini, na simu ilipopata mtandao upande wa pili ikafanya uaminifu wake: ikautuma tena. Angalau mara moja maana yake inaweza kuwa mara mbili, na kwa kitufe kimoja kinachowasha na kuzima, mara mbili ni sawa na kutofanya lolote.

Niliketi dirishani nikiwaza jambo ambalo mwalimu wa darasa la nne angenieleza bila chipu yoyote. Kuna kuwasha, na kuna kuwaka. Kuwasha ni tendo langu, na kuwaka ni hali ya kompyuta. Kwa miezi miwili nilikuwa nimetengeneza chombo kinachojua kuwasha na kisichojua kabisa kuwaka, tena hata kuwasha kwenyewe nilikuwa nimekusingizia, kwa sababu kilichokuwa kinaweza ni kubonyeza. Kila nilipomwambia shangazi "naomba uniwashie", yeye alitazama kwanza taa ya mbele. "Mbona imeshawaka?" lilikuwa jibu la mtambo uliokamilika.

Nikabadilisha amri. Simu haitumi tena "bonyeza". Inatuma "iwake" au "izime", na chombo kinatazama kwanza: kama imeshawaka, hakiinui kidole. Sasa handaki linaweza kuutuma ujumbe mara saba.

Taa ya mbele

Kutazama kuligeuka kuwa kazi kubwa kuliko kubonyeza.

Nilichukua optokapla ya pili nikaiunga sambamba na taa ya bluu ya mbele ya boksi. Taa ya bluu huhitaji volti kama 3 ili iwake, na taa iliyo ndani ya optokapla inaridhika na 1.2 tu, hivyo ilinyonya umeme wote na ile ya bluu ikafa. Chombo kikawa kinaona vizuri kabisa, na binadamu waliomo nyumbani hawaoni kitu. Shangazi alilalamika kabla sijafunga skrubu, na alikuwa na haki, kwa sababu nilikuwa nimemnyang'anya jicho ili nijipatie langu. Rizista ya omu 1,000 mbele ya optokapla ilirudisha amani, na sasa wote wawili wanaona.

Kisha kuna usingizi. Kompyuta yangu ikilala, taa hiyo hupepesa polepole, na chombo kinachoitazama mara moja tu kinaweza kuapa kwamba imewaka au kwamba imezima kulingana na bahati yake. Nilikifanya kiitazame kwa sekunde tano mfululizo kabla ya kutoa kauli. Kompyuta inayolala huamshwa kwa mbonyezo mmoja, hivyo kwa amri ya "iwake" ni ndugu ya iliyozima. Kwa amri ya "izime" nimeamua isiguswe.

Mbonyezo wenyewe ni wa milisekunde 300. Huu niliutafakari kuliko unavyostahili, kwa sababu kushikilia kitufe kwa sekunde nne huilazimisha mashine kuzima papo hapo bila kuhifadhi chochote, na programu yangu ikiganda huku imeshika, nimejitengenezea muuaji. Kuna saa ya ulinzi ndani ya chipu inayoiamsha upya ikiganda, na inapoamka GPIO5 iko chini, yaani kidole kimeachia. Ninaitegemea, ingawa sijawahi kuiona ikifanya kazi.

Seva pia niliihamisha. Ile ya mwanzo ilikuwa ya majaribio, iliyo wazi kwa dunia nzima, na yeyote aliyejiunga na mikondo yote angeweza kunibonyezea. Sasa nina yangu ndogo yenye nywila na mazungumzo yaliyofichwa. Katika wiki zile tano kuna usiku niliomshuku mgeni wa namna hiyo, na ninashukuru kwamba mhalifu alikuwa mimi.

Wosia

Lilibaki jambo moja. Chombo kilikuwa kinaripoti hali ya taa, na ripoti hiyo ndiyo sasa niliyoiruhusu ihifadhiwe kwenye seva. Lakini umeme ukikatika, chombo nacho kinakufa, na seva inaendelea kunionyesha ripoti ya marehemu: *imewaka*.

Waliobuni MQTT walilifikiria hilo, na jina walilolipa ni wosia. Chombo kinapojiunga huiachia seva ujumbe wa kutangazwa endapo kitatoweka bila kuaga, na seva, ikikosa kusikia pumzi yake kwa muda wa mara moja na nusu ya ule walioahidiana, inausoma wosia hadharani. Chombo changu kimeahidi sekunde 15. Wosia wake ni neno moja: *haijulikani*.

Kwa hiyo sasa simu ina majibu matatu, na la tatu ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulikubali, kwa kuwa mtu hujenga swichi ili ajue.

Juzi usiku lilitokea. Nilikuwa Dodoma, saa nne na nusu, nina mchoro wa kukabidhi asubuhi. Nikatuma "iwake" na kioo kikabaki na neno lilelile, *haijulikani*, dakika moja, dakika tano. Nikafanya nilichokuwa sijafanya kwa muda mrefu.

"Shikamoo shangazi. Samahani kwa usiku huu. Kompyuta imewaka?"

Nilisikia kiti kikisogea, kisha kimya cha mtu anayetazama gizani.

"Marahaba. Mtaa mzima hauna umeme, baba. Lala."